Sinia la Vikombe Viwili

Jumamosi, Bofu. Mvua ya asubuhi haikusaidia kitu, joto ni lile lile. Nina hasira tangu jana, na afadhali niiandike kuliko kuitembeza nyumbani.

Hii ni wiki ya sita tangu niache pombe ya mnazi. Jioni, wakati ambapo zamani ningekuwa mangweni, kilabuni kwetu, nikinywa na wenzangu, sasa napika chai ya Kichina. Msimamizi wetu Mchina pale kiwandani Changamwe ndiye aliyenifundisha: buli dogo, majani mengi, vikombe vya kumeza mara mbili tu. Maji ya kwanza humwagwa, ya pili ndiyo hunywewa.

Basi jana, hayo ya kwanza, mkono wangu ukayamwaga sakafuni, pale mlangoni. Wenyewe tu. Ndivyo sisi Wagiriama tunavyowamwagia koma, wazee wetu waliotangulia, kabla ya kuonja mnazi.

Dama, mke wangu, aliniona. Akachukua kikombe, akakinusa kama kina mnazi, akakirudisha.

Iliniuma sana.

Leo nikaenda Changamwe kwa muuza vyombo, nitafute cha kupokea maji hayo. Alikuwa na viwili. Meza ya mbao ya watu sita, yenye mpira wa kupeleka maji kwenye ndoo. Na sinia la mwanzi lenye droo chini, la kutosha vikombe viwili.

Meza ilinivutia. Kichwani nilishamketisha Karisa na wenzake wote wa mangweni. Kisha nikajiambia ukweli: sitaki meza mimi, nawataka wao. Wakija kwangu kwa chai Jumatatu, Ijumaa nitakuwa kwao.

Nikachukua sinia.

Jioni nimemwaga maji ya kwanza juu yake, yakashuka kwenye droo, sakafu ikabaki kavu. Nikajaza vikombe vyote viwili, nikamwita Dama. Nilidhani atakataa. Akavuta kigoda.

"Baba Kadzo," akasema, "mimi sijakuamini bado."

Nusura nimjibu vibaya. Nikajizuia, na sasa nafurahi nilijizuia. Maneno hayo angeweza kunirushia kutoka jikoni. Ameyasema akiwa ameketi mbele yangu, na chai yake ameimaliza.