Jina Juu ya Kosa

Dada yangu Mwanasiti,

Shikamoo. Hujambo na wanao hapo Gazi? Mguu wa mama umepoa? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila joto la Dubai limenichosha.

Barua hii anakuletea mumeo Bakari kwa mkono wake. Isome akienda kuswali.

Unajua yeye ndiye aliyeniingiza katika kampuni hii ya programu. Hapa kompyuta huunda vipande vingi vya programu kwa mpigo, na kila kimoja huandika kinachoendelea. Maandishi yote yalikuwa yakimwagika kwenye skrini moja, mstari wa huyu katikati ya mstari wa yule, kama wachuuzi wa samaki wanaponadi wote pamoja. Kipande kikiharibika, hakuna aliyejua ni cha nani. Bosi alitutukana sote, tukarudi kazini.

Nikaagizwa nitengeneze. Nikapanga kila kipande kizuie maneno yake mpaka kimalizike, kisha kiyatoe pamoja, jina la aliyekiandika likiwa juu. Kilichofaulu kiseme mstari mmoja tu, kinyamaze.

Bakari alipoona ninachofanya, alinivuta kando. "Shemeji yangu, maneno yapange, lakini majina yawache, tafadhali."

"Kwa nini?"

"Wewe yawache tu. Wallahi nakuomba."

Sikuyaacha. Nilitumwa kazi, nikaifanya. Asubuhi bosi aliwasha skrini mbele yetu sote: kosa jekundu, Bakari. Jingine, Bakari. Jingine tena, Bakari. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kabla ya adhuhuri alikuwa amefukuzwa, na viza imefutwa. Kiti chake nimepewa mimi; ni laini kweli.

Usinilaumu, dada. Tangu akuoe, mama hakuchoka kuniambia, "Mtazame Bakari, uwe kama yeye." Basi na amtazame sasa, atakuwa naye hapo barazani kutwa.

Nisalimie mama, na mjomba aliyenisomea dua nilipoondoka. Wanao wabusu.

Kwa simu mumeo amekwisha kukwambia kwamba amepewa likizo ndefu. Aliniomba nimshuhudie kwa maandishi, maana mimi ni ndugu yako, utaniamini. Nikamwitikia. Bahasha nimeifunga mbele ya macho yake, naye akanishukuru mpaka machozi yakamtoka.

Ndimi nduguyo wa tumbo moja,
Juma