Tuta la Chemchem

Chemchem, Tabora
12 Agosti 1974

Mwanangu Abasi,

Marahaba. Barua yako imefika. Sisi wazima. Mama yako amepaka nyumba chokaa, na binti yako Tatu anatembea kwa gongo, ingawa daktari anasema goti halitakunjika tena.

Unaniomba nibomoe tuta tulilojenga barabarani, nimwombe radhi ofisa wa barabara. Nisikilize kwanza. Lori lililomgonga Tatu halikupunguza mwendo, wala yaliyopita baada yake. Basi tukaleta udongo wa kichuguu, wanawake wakaupigilia kwa nyimbo kama wapigiliavyo sakafu ya nyumba mpya. Mara ya kwanza tulikosea, tukalichongoa mno, likamwangusha Hilari na baiskeli yake. La pili tumelilaza: kimo shubiri moja, upana hatua tatu. Baiskeli inapita bila taabu, na lori halina budi kunyenyekea.

Ofisa alikuja akifoka, "Mzee, nani kakupa kibali?"

Jirani yetu Kuluthumu akamjibu, "Na aliyevunja mguu wa mtoto, baba, kibali alipewa na nani?"

Watu walicheka. Ofisa hakucheka. Amenipa hadi Ijumaa, la sivyo nitakamatwa.

Sitabomoa, Abasi. Miaka thelathini nimefundisha watoto wa mji huu namna ya kuvuka barabara, na Tatu alivuka kama nilivyomfundisha. Ijumaa nitakaa barazani nimevaa kanzu safi. Hata gari litakalokuja kunichukua litapita pale polepole.

Ni mimi baba yako,
Mwalimu Yahaya Mabruki