Alama za Kaka Deo

Kaka yangu Deo,

Juzi mwanangu mkubwa alikuwa amejilaza kwenye kochi anasoma kitu kwenye simu, mara anacheka, mara anakunja uso. Nikamuuliza anasoma nini. "Mama, kuna gemu mpya imetoka, nasoma watu wanavyoichambua. Huyu kaipa tisa, huyu kaipa tano. Wanagombana kweli." Nikamwambia mjomba wake alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo hapa Nyabiyonza, kabla yeye hajazaliwa. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa bibi yake alikuwa rubani. Nikaanza kumweleza, nikafika mahali nikasingizia chungu kinaungua jikoni. Ndiyo maana nakuandikia. Yale yaliyonishinda kumwambia yeye nakuambia wewe, ingawa mengine unayajua na mengine yalitokea ukiwa umeshaondoka.

Uliporudi kutoka Mwanza, mama alikuwa ameanika kahawa uani. Ulishuka kwenye lori la wanunuzi, umebeba boksi lililofungwa kwa kamba ya mkonge, na mama akapiga vigelegele kwa sababu alidhani umemletea cherehani. Ukafungua. Ikatoka televisheni ndogo, ikatoka mashine nyeupe yenye pedi mbili za kuchezea, na mfuko wa kaseti za plastiki zenye picha za watu wanaopigana. Mama akaizunguka ile mashine. "Sasa hii inapika nini?" Ulicheka mpaka ukakohoa. Kikohozi kile tulikisikia wote. Hakuna aliyeuliza.

Kule Mwanza ulikuwa fundi wa redio kwenye duka la mtu, na mtu yule alikuwa pia na chumba cha gemu. Kila kaseti mpya ikifika, wewe ndiye uliyekuwa unaijaribu kwanza na kumwambia kama inafaa. Ukaja na tabia hiyo hadi kwetu. Ulipopanga kile chumba pembeni ya soko na kuwasha jenereta, watu walikuja siku ya gulio kutoka Igurwa, kutoka Rugu, wengine wakiwa bado na vumbi la kahawa kwenye nyusi. Na kabla mtu hajashika pedi, ulikuwa unamwambia ukweli wa kile anachotaka kucheza.

Gemu ya magari uliipa sita kwa kumi. "Magari mazuri, lakini barabara ni ile ile, wamegeuza rangi tu. Ukiuona mti huu, subiri kidogo utauona tena." Ile ya ndege za kivita uliipa nane kwa sababu, ulisema, inakuacha ufikiri kwanza ndipo ikuue. Ya mpira uliipa nne, ukasema kipa wake ni kama mtu aliyeshiba ugali. Na ile ya ngumi, ambayo vijana walikuwa wanaigombania mpaka benchi linapinduka, uliipa tatu. Bado nakusikia: "Ukibonyeza ovyo unashinda. Ukibonyeza kwa akili unapigwa. Hapo mtu anajifunza nini?"

Mama alikuja siku moja na kikapu chake, akasimama mlangoni kusikiliza. "Mwana wange, wewe unauza au unafukuza?"

"Mama, nikiwaambia hii mbaya, siku nikisema nyingine ni nzuri wataniamini."

Aliyekubishia sana alikuwa Faustin. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, yeye akazaliwa hapa hapa, akawa anafanya vibarua kwenye mashamba ya kahawa. Aliipenda ile gemu ya ngumi kuliko wali. "Deo, tatu ni dhambi. Ipe hata tano, ukaungame Jumapili." Na wewe ulikuwa unamjibu bila hata kugeuka, "Faustin, wewe unapenda kelele, hupendi gemu." Halafu mnacheza wote wawili, na unapigwa, na hukubadilisha alama.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sina pa kwenda, ukanikabidhi kazi ya kufuta vumbi kwenye kaseti. Ndipo nikajifunza ile ya kupanga matofali yanayodondoka. Uliipa tisa, ya juu kuliko zote, nikakuuliza mbona si kumi. Ukasema haina mwisho, na kitu kizuri lazima mtu aweze kukimaliza akaenda zake. Nilipoitetea ile nyingine, ya kijana anayeruka mapangoni akimtafuta mdogo wake, uliipa tano nami nikanuna. Nilikuwa naihurumia. "Huruma yako haimsaidii anayekuja kuicheza," ukasema, ukanipa muwa ili ninyamaze.

Sijui ni gulio lipi watu walianza kukutazama. Wewe ulijua mapema, nadhani, maana ulianza kuvaa koti hata jua likiwaka. Mkanda uliutoboa tundu jipya, halafu jingine. Miaka ile hapakuwa na kilima kisicho na matanga, na kila mtu alikuwa ameshajifunza kusoma mwili wa mwenzake kwa mbali. Jina la ugonjwa halikutajwa. Walisema "amepatwa," basi, inatosha.

Mnunuzi mmoja wa kahawa aliingia, akakupokea pedi, akaitazama, akaifuta kwa pindo la shati lake. Akaifuta tena. Kisha akaiweka chini taratibu kama yai, akatoka. Gulio lililofuata walikuwa wanasema sokoni kwamba jasho lako limeingia kwenye vile vibonyezo. Benchi likabaki tupu. Jenereta ilinguruma kwa ajili yetu sisi wawili, na ulikataa kuizima.

Faustin akaja. Alitupita mimi na benchi, akaichukua pedi moja kwa moja kutoka mkononi mwako, bila kuifuta, akaketi. "Haya, weka hiyo tatu yako tupigane." Ukainama kuweka kaseti, ikakukwama, na mimi ndiye niliyeiingiza. Mlicheza mpaka mafuta yakaisha. Sikuwahi kumwambia Faustin asante. Nilidhani angekuwepo siku zote.

Ulipozidiwa ukalala nyumbani, tuliiwasha televisheni kwa betri ya gari, pale sebuleni, ukiwa umeegemea mto. Macho yakaanza kukuletea ukungu. Hapo nikawa mimi ninayecheza na kukusimulia, na wewe ukiwa unatoa alama kwa masikio. Ulikuwa mkali zaidi kuliko ulipokuwa unaona. Siku hizo ndipo tulipoifungua ile kaseti ya mwisho, ya msafiri anayezunguka vijiji akizungumza na wenyeji, yote imeandikwa kwa maandishi ya nchi gani sijui, kama vijiti vilivyoanguka.

"Huyo bibi anasema nini?" ukauliza.

Sikujua. Nikakusomea kwa Kinyambo chetu, kwamba bibi anasema msafiri ameingilia kibanja chake cha migomba na amekanyaga maharage. Ulicheka. Kwa hiyo kila kijiji nikakitungia maneno: mwenyekiti anadai heshima, msichana mmoja anakataa kuolewa, mzee mmoja ana deni la mbuzi. Tulikwenda hivyo siku kadhaa, mpaka msafiri akakwama mbele ya mto nisijue pa kumpeleka.

"Saba," ukasema. Kisha ukatikisa kichwa. "Hapana, futa. Nne. Maneno yalikuwa yako, gemu haikufanya kitu."

Wageni walikuwa wanakuja. Akina mama wa jumuiya walileta ndizi na sala, baba mdogo alikuja na fimbo yake. Mimi nawaamkia shikamoo, wao wanakuinamia, kila mmoja na lake. "Umepata nafuu." "Uso umerudi." "Mwezi ujao utakuwa sokoni." Ulikuwa unawashukuru kwa adabu zote. Siku ile, baba mdogo alipokwisha kutoka, ukaniita. Mama alikuwa karibu na mlango, anamenya ndizi.

"Adela. Niambie kama mimi ninavyozisema gemu. Unanionaje?"

Nilikuangalia, kaka. Kwa wiki nyingi nilikuwa nakuangalia bila kukuona. Nikaona shingo yako. Nikaona vile mikono ilivyolala juu ya blanketi kama si yako.

"Umekwisha, kaka," nikasema. "Umebaki mifupa. Sidhani utawaona senene wa mwaka huu."

Kisu cha mama kilianguka. "Adela! Mdomo gani huo! Nani alikufundisha kumsemea mgonjwa hivyo?" Aliinuka anipige, na ndizi zikamwagika toka mapajani.

"Mama, mwache," ukasema. "Ndiye wa kwanza kuniambia."

Ukavuta pumzi, na nikaona uso wako umelegea, kama mtu aliyeshushiwa gunia begani. Kisha ukamwambia mama akae, akakaa chini pale pale katikati ya maganda, nawe ukamtajia ugonjwa wako kwa jina lake. Nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa halijasemwa. Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nilijua tangu uliposhuka kwenye lori," akasema.

Baada ya hapo mlilia pamoja, na mimi nikatoka nje kwa sababu kilio kile kilikuwa cha wawili. Siku zilizofuata ulimwita padri, ukachagua mahali pa kulazwa, ukaagana na Faustin kwa mzaha kuwa ile gemu yake bado ni tatu. Alitoka akifuta macho kwa kofia. Ukafariki asubuhi, mama anakulisha uji, na msimu wa senene ulikuwa bado.

Sasa haya ndiyo usiyoyajua. Baada ya mazishi, baba mdogo alichukua televisheni, akasema yenyewe haikuguswa sana. Mashine, pedi na kaseti hakuna aliyezitaka. Ndugu walizirundika nyuma ya nyumba pamoja na godoro lako na lile koti, wakavimwagia mafuta ya taa. Faustin alifika akapiga kelele, "Hizo hazina ugonjwa! Hizo ni za kucheza tu!" Walimsukuma. Nani angemsikiliza kibarua, tena siku ya msiba? Plastiki ile ilijikunja ikatoa moshi mweusi, na harufu ilikaa kwenye migomba mpaka mvua iliponyesha. Baadaye Faustin aliondoka na wazee wake kurudi kwao Rwanda. Hakuniaga, na habari zake sijazipata hadi leo.

Mama alichukua muda mrefu kunisemesha. Alikuwa ananipa chakula, ananituma maji, lakini jina langu hakuliita. Siku alipoliita tena ilikuwa ni kuniomba nimshikie ngazi. Hatukuzungumzia yale maneno hata mara moja, na sasa naye hayupo. Mtu angedhani nilifurahi kwa sababu ulinitetea. Mimi ninachokumbuka ni zile ndizi sakafuni na mikono ya mama ikizitafuta bila kuziona. Ningeulizwa tena ningesema vile vile, na ingeniuma vile vile.

Mwanangu ananiuliza ulifanana na nani. Picha yako iliyobaki ni ya kitambulisho, na imefifia. Namwambia ulikuwa mrefu, ulikuwa unatembea kama mtu anayechelewa. Kicheko chako siwezi kukiiga.

Neno la mwisho ni kuhusu pale ulipolala. Kibanja kiliingiliwa na mnyauko. Mabwana shamba walituambia tukate na kung'oa, tukang'oa migomba yote, hata ile iliyokuwa imewazunguka wewe na mama. Sasa ni mahindi na maharage, na ukisimama barabarani unaiona misalaba miwili iko peke yake juani. Saruji ya kwako imepasuka upande wa miguu. Mwanangu anasema tupande mti, na tutaupanda, lakini utachukua miaka, na kwa sasa pale ni pakavu, kaka. Nikija nachomwa na jua, sikai sana. Sikutaka mtu mwingine akuambie.

Pumzika.

Mdogo wako aliyebaki nyumbani,
Adela