Mdogo Wangu Anachekesha Watu kwa Wasiwasi Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana nimechoka, nimechoka hata kueleza nilivyochoka. Mimi ni dobi wa hoteli, na mdogo wangu wa kiume, niliyemlea mwenyewe tangu mama yetu alipofariki, ni mchekeshaji, na juzi juzi runinga ilimpa kipindi kizima asimame peke yake aongee juu ya wasiwasi wa siku hizi, mara bei zinapanda, mara kazi zinapunguzwa, mara tunaambiwa mambo ni shwari ndiyo watu wanazidi kuogopa, nami nikaita majirani waje kuangalia, nikawapangia viti, kumbe kipindi chote ni mimi. Akasema, "Dada yangu taarifa ya habari anaisikiliza amevaa viatu, ili kikinuka asianze kutafuta ndala." Akaigiza ninavyorudi mlangoni kutikisa kufuli, ninavyompigia simu kila jioni kumuuliza kama amefika salama. Majirani walicheka mpaka machozi, na mshauri, yote ni kweli, hata wakati ule viatu nilikuwa nimevaa.

Sasa kazini wenzangu wakinipita wanaangalia miguu yangu, nami nikaacha kumpigia, nikasema asipate tena cha kusimulia. Akawa anapiga yeye, "Dada, mbona umenisusa?" namjibu kwa mkato. Wiki iliyopita akapiga mchana nikiwa katikati ya mashuka, akasema, "Dada, wanataka kurekodi kipindi cha pili na siwezi kupanda jukwaani, moyo unanienda mbio, mikono inatetemeka," nikamwambia, "Hiyo nzuri, kawasimulie wacheke," nikakata. Tangu hapo simu yake haipatikani. Najiambia anatafuta vichekesho vipya tu, halafu najikuta napiga tena. Nikimfuata nitachekwa tena, nisipomfuata je?

Dada Mtu

Dada Mtu,

Pole. Kuanikwa mbele ya majirani uliowapangia viti mwenyewe kunauma, na huyo mdogo wako alipaswa kukuomba ruhusa kwanza. Kosa hilo ni lake, na siku ikifika utamwambia usoni bila kupunguza neno.

Lakini nawe umezidi. Mtu anatetemeka, anakupigia wewe, si daktari wala hao wa runinga, halafu unamjibu kama vile umelipa kiingilio. Unadhani wasiwasi anaujua vizuri hivyo kwa kukuangalia tu? Anao, mama. Kakulia humo humo ndani. Wewe unautuliza kwa kukagua milango, yeye kwa kuchekesha, na siku vichekesho vilipogoma alikuja kwako.

Habari ya kuchekwa achana nayo, watu watakuchoka wapate mwingine. Omba ruhusa kazini uende kwake mwenyewe, usitume mtu. Ukimkuta usimhoji, kaa naye. Kama bado anatetemeka mpeleke hospitali, na mkiwa huko nawe umwone daktari, maana unavyoishi si kuishi, ingawa kwenye viatu hata mimi nilicheka. Kipindi cha pili awaambie hapana.

Namba uliyoandika chini ya barua nimeipiga tangu jana, hupokei. Naelewa, namba ngeni unadhani ni watani. Ndiyo maana nimemsumbua mhariri barua yako itoke leo, mbele ya zilizotangulia. Kama umefika mstari huu, bado hujaondoka. Ondoka.