Kioo Kilichonitoka Mikononi

Kaka,

Nakusalimu wewe na shemeji. Sisi huku tunajikongoja. Mama goti linamsumbua, na paka wake amezalia kwenye kabati la viatu.

Ugonjwa wangu umejulikana hatimaye. Miaka miwili nimeambiwa ni sukari, mara uti wa mgongo, mara mawazo tu. Juzi daktari alinigonga goti kwa kinyundo, mguu ukatulia tuli. Akanipima mishipa ya fahamu kwa umeme.

"Kinga ya mwili wako ndiyo inayoitafuna mishipa yako," akasema. "Mbona umechelewa?"

Kikulacho ki nguoni mwako, ila changu kimo ndani ya ngozi. Nimeanza dripu, huenda nguvu zikarudi, ingawa zote sidhani.

Kaka, siku ile kioo cha mteja kiliponitoka mikononi pale karakanani kwako, ukanifukuza kwa ulevi, sikuwa nimeonja hata tone. Nilikuomba radhi mbele ya mama, nikakubali kwamba nimelewa, kwa sababu mikono ilikuwa imekufa ganzi na sikujua niuiteje ugonjwa huo. Ulevi angalau ulikuwa na jina.

Sasa nimepata jina langu. Lile ulilonipa wewe nakurudishia.

Mdogo wako.