Aliyejua Kuogelea

Mvumi Makulu,
Dodoma.
4 Desemba 1994

Mpendwa Kaka Matonya,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute unaendelea vizuri hapo hospitalini Cape Town, na vidole vya miguu vimeanza kupata hisia kama daktari alivyokuahidi. Je, unakula? Usingizi unapata? Huku tu wazima wa mwili. Mvua ya kwanza imenyesha, watu wanapanda uwele. Mimi nimemaliza kidato cha nne na nipo nyumbani.

Barua yako ilifika tukiwa bado kwenye matanga ya kaka yangu Yotham. Baba mkubwa Silvano aliniamuru niisome mbele ya watu wote. Unanijua, hata darasani nilikuwa najibu kwa kunong'ona. Nikasoma: wimbi lilivyowazoa wote wawili mkivuta nyavu kwenye meli ya uvuvi, na maji yalivyokuwa baridi hata pumzi ikakukatika. Wewe usiyejua kuogelea ukabaki na nguo zako zote na jaketi la kujiokolea, ukakumbatia magoti, ukatulia mpaka mashua ya meli ilipokufikia. Yotham, aliyejifunza kuogelea bwawani Mtera, akavua jaketi na viatu, akaogelea, na mikono ikamfia ganzi kabla hajafika popote.

Hapo watu waliguna. Huku kwetu maji mengi tunayoyajua ni ya lambo, na kila mtu anaamini kwamba anayejua kuogelea ndiye anayepona. Nilijaribu kueleza kwamba katika maji ya baridi vile anayehangaika ndiye anayeishiwa nguvu upesi, na aliyetulia hutunza joto lake. Baba mkubwa akauliza Lydia ameanza lini kuzungumza mbele ya wazee. Nikakaa.

Kesho yake akaja mtani wetu, Bibi Sikudhani, yule Mhehe. Alijifunga shuka, akaketi ndani ya karai katikati ya waombolezaji, akapiga kasia kwa mwiko. "Mimi ndimi Matonya," akasema. "Mtumbwi wangu ni mgongo wa Yotham, hauvuji hata tone." Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Hata Mama alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Ndiyo kazi ya mtani, na utani wa msibani huachwa msibani.

Huu haukuachwa. Asubuhi niliwasikia wanawake bombani wakisema kwamba ulimpanda Yotham mgongoni. Kufika Jumapili maneno yakawa kwamba ulimuuza kwa mganga kabla hamjaondoka Dar es Salaam. Bibi Sikudhani alirudi kwa miguu kuwaeleza kwamba alikuwa anatania tu. Wakamjibu kwamba mtani husema kweli asiyoijua. Aliondoka analia.

Mlipopunguzwa kazi kiwandani, Baba mkubwa ndiye aliyewaambia mwende pamoja na mrudi pamoja. Sasa amekata shauri kwamba ukija usikanyage hapa. "Mbuzi anayejua njia kapotea, kipofu kafika zizini," alisema. "Nani kamshika mkono?" Baba yako alikuwepo. Akainamia fimbo yake.

Mama yako, mama mdogo wangu, akienda bombani, wenzake wanaondoka na ndoo ambazo hata hazijajaa. Juzi nilimkuta amesimama peke yake, ndoo imejaa, hana wa kumtwisha. Nilimtwisha, tukarudi pamoja.

Mimi nakuamini. Nakumbuka machungani mwezi wa Julai, upepo ukivuma, ulivyokuwa ukijikunja ndani ya shuka lako la lubega mpaka kidevu kinagusa magoti, huku Yotham akikimbia huku na huku kujipasha moto na kukucheka. Lakini nisikufiche, kaka. Siku nyingine nina hasira nawe. Nakuuliza moyoni kwa nini hukumpigia kelele atulie. Halafu nakumbuka uliandika kwamba hata pumzi hukuwa nayo, najionea aibu, na hasira haiondoki.

Usije kwenye arobaini hata kama watakuruhusu kutoka hospitali. Sikupenda kuandika maneno haya.

Mama mdogo anakusalimu sana, anasema usitembee bila soksi. Baba mdogo naye anakusalimu, aliniambia hayo akiwa ameshanipa mgongo. Mdogo wako Cecilia anauliza kama unaona bahari kutoka kitandani. Bibi Sikudhani anakuomba msamaha.

Mama yangu hakutuma salamu. Ametuma swali. Anasema umeandika Yotham alikuwa anaogelea, lakini hukuandika alikuwa anaelekea wapi. Tulikuwa tunapeta mtama, akaweka ungo chini.

"Kama alikuwa anamfuata Matonya," akasema, "basi bado nina mtoto wa kiume. Aje, nitamwingiza mwenyewe kwa mlango wangu, Silvano atake asitake. Kama alikuwa anakimbilia meli, akamwacha ndugu yake, pia aseme. Nitajua nilimzaa nani."

Andika ilivyokuwa, kaka, vyovyote ilivyokuwa. Mimi ndimi nitakayemsomea, na uongo ataujua kwa sauti yangu.

Mungu akurudishie joto lote la mwili, na akupe moyo wa kumjibu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata sasa,

Lydia