Innsbruck, Tukishashusha Ng'ombe

Jumapili, 1 Septemba

Baba amekubali! Naandika haraka nisije nikadhani nimeota.

Miaka minne nilisoma Innsbruck, naye hakukanyaga hata siku moja. Saa mbili tu kwa basi na treni! Siku ya mahafali yangu ng'ombe alikuwa anazaa. Mwaka wa kabla yake, nyasi zilikuwa zimelala shambani na mvua inanukia. Kila mara neno ni lile lile: tukishashusha ng'ombe toka malisho ya mlimani, mwanangu.

Leo, akimenya kiazi, bila kuinua macho: "Twende basi huko Innsbruck kwako. Tarehe ishirini na nne. Jumanne." Si kabla, si baada.

Shangazi Mena akabaki na mwiko hewani. "Luis, uvae suruali isiyo na samadi. Watakushusha kwenye treni."

Jumanne, 3 Septemba

Ratiba. Basi saa kumi na mbili na dakika ishirini, treni pale Landeck, saa mbili na nusu tuko mjini. Kwanza paa la dhahabu.

"Linavuja?"

Nikamwambia ni paa la kibaraza tu, dogo.

"Dogo! Na watu wanavuka bahari kulitazama. La ghala langu ni kubwa mara kumi, sijaona mgeni."

Kisha kanisa lenye sanamu ishirini na nane za shaba nyeusi, kubwa kuliko watu, zimesimama kulizunguka kaburi la kaizari. Kaburi tupu — mwenyewe kazikwa kwingine. Baba alicheka! "Watu wazima ishirini na nane wanalinda kaburi lisilo na mtu, na hakuna aliyewaambia?" Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akatoka nje.

Ana sharti moja. Saa tano hadi saa saba nimwache peke yake, ana kipuri cha msumeno cha kutafuta. Nikasema nitamsindikiza. "Wewe na msumeno mmejuana lini?"

Nimeandika: 5–7, Baba, msumeno. Saa saba, keki mkahawani.

Ijumaa, 6 Septemba

Ng'ombe watashuka tarehe kumi na nne badala ya ishirini na moja. Baba kaamua mwenyewe. Wenzake pale kwenye kiwanda cha jibini walimcheka — Luis, hiyo theluji umeiona wewe peke yako? Akawajibu anataka kupumzika. Baba, kupumzika!

Mimi nitengeneze taji la Zilli, ng'ombe anayetangulia. Matawi ya msonobari, maua ya karatasi, kioo kidogo katikati. Anastahili: kiangazi hiki hakufa mnyama wala mtu wa nyumba yetu. Nyumba iliyofiwa huwashusha ng'ombe vichwa vitupu. Walio kando ya barabara humtazama wa kwanza, kisha wanavua kofia, hakuna haja ya kuuliza. Mwaka wa mama ilikuwa hivyo. Nilikuwa na miaka tisa na nilihesabu kofia.

"Lianze mapema," kasema Baba. "Tena liwe kubwa."

Jumatatu, 9 Septemba

Nilikuwa natafuta tepe nyekundu. Chini ya sanduku la tepe, barua mbili za hospitali ya Innsbruck.

Ya kwanza ya Mei. Mapafu yote mawili. Aje haraka.

Ya pili: miadi ya Julai hakuhudhuria. Miadi mpya ni Jumanne, 24 Septemba, saa tano na robo. Aje na mtu wa familia.

Msumeno wetu ni mzima. Jana tu niliusikia ukinguruma.

Mei! Mei ng'ombe walikuwa wanapandishwa mlimani. Julai nyasi.

Na mimi nimempangia keki.

Jumanne, 10 Septemba

Shangazi alijua. Kaapishwa kwa roho ya mama. Nikampigia kelele, kwa nini hakumburuta? "Umewahi kumburuta baba yako wewe?" Akaendelea kukanda unga, machozi yanadondokea humo humo.

Nilipiga simu hospitali. Wana nafasi Alhamisi.

Baba alikuwa ghalani anapaka mafuta ukanda wa kengele kubwa. Akaniona nilivyosimama.

"Tepe umezipata."

"Nimezipata."

"Ehe."

Nikamwambia Alhamisi. Akasema Alhamisi ng'ombe wako juu. Nikamtukania ng'ombe, wote kumi na tisa. Akangoja nimalize.

"Burgi. Nikiingia mle Alhamisi nisitoke, Jumamosi Zilli anashuka kichwa kitupu. Mara moja nimetembea mbele yao hivyo. Mara ya pili sitaki, hata kama sitakuwepo kuiona."

"Wataalamu wamesema haraka, Baba."

"Jumamosi ng'ombe. Jumatatu naenda, hata kwa miguu. Sanamu kwanza, daktari baadaye. Mwenye ratiba si wewe?"

Nilipaswa kukataa. Mimi, msomi wao! Nikasema haya. Nikasema haya kama mtu yeyote wa bonde hili, kwamba ugonjwa nao ungoje ng'ombe washuke.

Alhamisi, 12 Septemba

Maua sitini na mbili. Vidole vimechanika. Ratiba mpya nimeibandika jikoni: Jumatatu, sanamu saa tatu, hospitali saa tano. Baba kaisoma kwa miwani ya Shangazi. "Na keki umeifuta?" Nikairudisha.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika nyuma ya nakala ya ratiba, ilikuwa mfukoni. Shajara iko nyumbani.

Alitembea mbele, fimbo mkononi, shati jeupe, saa nzima na nusu. Nilikuwa nyuma yake nikihesabu anavyovuta pumzi. Hapa kwenye lango la mwisho, juu ya kijiji, akakaa juu ya jiwe. Akasema, ngoja kidogo. Midomo ya buluu.

Helikopta ilitua malishoni, ng'ombe wakatawanyika. Nafasi yangu haikuwepo. Kabla hawajamfunga barakoa alimnyooshea Zilli kidole. Hakuninyooshea mimi.

Basi ameenda Innsbruck. Dakika kumi na tano hivi angani. Atapita juu ya paa lile na hatauliza.

Ng'ombe tumewakusanya. Korbinian, mchunga wetu wa kiangazi, kamshika Zilli ukanda, taji limekaa upande. Chini watu wamejipanga hadi darajani. Waliona helikopta. Wanangoja kuona kichwa.

Shangazi: tulivue au tusilivue? Sema, Burgi, watu wanatazama.

Simu imelia. Namba ya Innsbruck. Sikupokea. Nisichoambiwa bado hakijatokea nyumbani kwetu.

Nimelinyoosha taji. Nimemwambia Korbinian aende, asikimbie, Baba hakimbii. Kengele zimeanza. Kofia bado ziko vichwani. Hatua mia mbili mpaka darajani, nitapokea nikisha —

Inalia tena.